Kulala Chali

Fundi Vitanda alikuwa na jambo moja la kujivunia, wala hakuwa mchoyo wa kulitaja: tangu aanze kushika randa, hakuna aliyewahi kumrudishia kitanda. Viti walimrudishia. Kuna kabati moja lilirudi mara mbili, na mara ya pili lilirudi na matusi. Lakini kitanda, hata kimoja. Basi mchana wa Jumapili moja alipoingia nyumbani akamkuta mkewe amesinzia kwenye kiti cha sebuleni, kichwa kimeegemea ukuta, ilhali kitanda cha mninga alichokitengeneza kwa mikono yake kiko chumbani kimetandikwa na hakuna mtu, ilimuuma kama mwiba wa nyayoni.

"Kitanda kina nini?" akauliza.

Mkewe akafumbua jicho moja. "Kitanda hakina neno, baba watoto. Ni kichwa."

Huyu mkewe alikuwa fundi saa. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na meza, lenzi ya kubana jichoni na tabia ya kusema maneno machache. Alikuwa na kibanda chake cha kioo kwenye baraza ya duka la vitabu, na mji mzima ulimwita Mama Saa. Mtu aliyezoea kufungua vitu vidogo kuliko punje ya mtama hana subira na mambo ya kulalamika, kwa hiyo ilibidi mumewe amkamue maneno.

"Nikilala chali kichwa kinajaa," akasema hatimaye. "Kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba. Na sikio linavuma, shuu, shuu, linakwenda na moyo. Nikiinuka kinapungua."

Hapo ndipo ufundi ulipomponza mtu. Daktari angesikia habari ya kichwa na habari ya sikio. Seremala alisikia kwamba akilala ni vibaya, akiinuka ni nafuu, basi hilo ni suala la kimo. Kesho yake, mkewe alipokwenda kibandani, alikata vipande viwili vya mbao vya nusu inchi, akavipiga randa, akavipiga msasa, akavipaka rangi ileile ya kitanda, akaviweka chini ya miguu ya upande wa kichwani. Jumatatu iliyofuata akaongeza vingine, na Jumatatu ya tatu vilevile. Kazi safi, hata yeye mwenyewe ilimbidi ainame kuona maungio.

Kwa nini kwa siri? Kwanza, Mama Saa hakupenda kubembelezwa. Pili, na hili ndilo kubwa, Fundi Vitanda aliogopa asije akaambiwa kuwa kosa ni la kitanda.

Wiki ya nne mkewe akasema, akiwa anavaa viatu asubuhi, "Siku hizi nalala vizuri kidogo." Mwanamume alitoka kwenda karakanani akipiga mluzi, akakosea kona ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa kuna jambo jingine, na nalisema mapema ili nisije nikalaumiwa kwamba nimelificha. Miezi kadhaa kabla ya kichwa kuanza, Mama Saa alitimiza miaka hamsini na moja, na skrubu ndogo za saa za kike zikaanza kumkimbia machoni. Miwani hakutaka. "Miwani ni ya wazee," alisema, na hali lenzi alikuwa nayo jichoni kutwa. Mumewe, ambaye angeweza kumbeba mgongoni mpaka kibandani kama angekubali, alikwenda dukani akanunua kopo la vidonge vya macho. Vilikuwa vidonge vya mafuta, vya njano, vinang'aa kama matone ya vanishi. Kila asubuhi alimwekea kimoja kwenye kisahani kando ya kikombe cha chai. Baada ya mwezi alimwekea viwili. Halafu vitatu. Hakufanya hivyo kwa ujinga, msomaji usimcheke. Katika kazi yake mkono wa kwanza wa vanishi hulinda mbao, wa pili huing'arisha, na wa tatu ndio unaomfanya mteja amwite jirani aje aone. Maisha yake yote hakuwahi kuona mbao iliyoharibiwa kwa kupakwa sana.

Mama Saa alivimeza bila kuuliza. Angemuuliza nini mtu anayemchagulia vidonge kwa uangalifu namna ile?

*

Aliyefichua mambo alikuwa shemeji, mdogo wake Mama Saa, karani wa ghala la vipuri, mwanamke mwenye macho ya kuhesabu na ulimi usio na breki. Alikuja Jumamosi asubuhi kunywa chai. Dada yake akamimina, akanyanyua kikombe ampe, akakiweka hewani kabisa, nje ya ukingo wa meza. Kikombe kikaenda chini.

"Mkono umeteleza," akasema Mama Saa.

Shemeji hakusema kitu, jambo ambalo peke yake lilitosha kutia hofu. Aliinuka, akapita upande wa kulia wa dada yake, akanyoosha kijiko usawa wa bega lake.

"Dada, nimeshika nini?"

Mama Saa akatazama mbele. Fundi Vitanda alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia, akaona mkewe anangoja kuonyeshwa kitu ambacho kilishanyooshwa.

"Umeshika nini wapi?" akajibu.

Ikabidi aseme yote. Kwamba akiinama kuokota kitu, macho yanafunga ukungu, kisha yanarudi. Kwamba pembe ya kulia imekwenda, haioni, mtu akija kutoka upande huo humshtukia ameshafika. Kwamba kwa wiki mbili amekuwa akiwarudishia watu saa zao ndogo akiwaambia vipuri vimekosekana, na vipuri vimejaa kwenye droo.

"Na wewe shemeji," mdogo mtu akageuka, mikono kiunoni. "Mume mzima, mnalala chumba kimoja, hukuona kitu?"

"Nimeinua kitanda," Fundi Vitanda akasema.

"Umeinua nini?"

Akaeleza habari ya vipande vya mbao, Jumatatu kwa Jumatatu, msasa na rangi. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojiona mdogo. Alipomaliza, mkewe akasema taratibu, "Najua. Niliona tangu cha kwanza."

"Uliona? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi. Kila Jumatatu unarudi nyumbani unanitazama usoni kama mtoto aliyeficha zawadi. Nikasema nalala vizuri. Kidogo ilikuwa kweli." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Sasa macho yalipoanza, ningekwambiaje? Ningekwambia kitanda hakikusaidia?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua," shemeji akasema. "Na nyinyi mmeficha wawili wawili, mnafichiana, mnaoneana huruma, na ugonjwa umekaa katikati unakula. Vaeni viatu. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Hakuna aliyebisha. Akisema sasa hivi huyo, hata ghala huwa linafunguka.

*

Daktari wa macho alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini. Aliweka kidevu cha Mama Saa kwenye mashine, akatazama jicho la kushoto, la kulia, akarudi tena la kushoto. Alichukua muda mrefu kuliko ambao Fundi Vitanda angependa.

"Mishipa inayotoka machoni kwenda kwenye ubongo imevimba, yote miwili," akasema. "Mama, ndani ya kichwa kuna maji yanayouzunguka ubongo. Kila mtu anayo. Yako yana msukumo mkubwa kuliko kawaida. Ukisimama yanatulia kidogo, ukilala yanapanda, ndiyo maana unasikia kimejaa. Na msukumo huo unaikandamiza mishipa ya macho."

"Kwa hiyo kuinua kitanda..." Fundi Vitanda akaanza.

"Kulimpunguzia maumivu, baba. Ugonjwa uliendelea na kazi yake." Alilisema kwa upole, na upole huo ulichoma zaidi.

Walimpiga picha ya kichwa kwenye mashine kubwa. Uvimbe wa hatari haukuwepo, na Fundi Vitanda akatoa pumzi aliyokuwa ameishika tangu asubuhi. Kisha wakamlaza ubavu, amejikunja, magoti kifuani, wakaingiza sindano mgongoni kupima maji. Mumewe aliruhusiwa kumshika mkono. Daktari wa zamu akaunganisha mrija mwembamba uliosimama wima wenye alama kama za rula, na maji maangavu yakaanza kupanda. Yalipanda, yakapita katikati, yakaendelea. Mwanamume huyu alikuwa ameishi na rula maisha yake yote, na hakuna kipimo kilichowahi kumtisha kama kile.

"Mama, unatumia dawa yoyote?" wakamuuliza baadaye, kalamu juu ya karatasi.

"Hapana," akasema Mama Saa.

"Hapana," mumewe akathibitisha.

Wala hawakusema uongo. Kwao dawa ni kitu unachopewa ukiumwa, kinakuwa kichungu na kina siku za kumaliza. Vidonge vya macho vilikuwa sehemu ya chai.

Alipewa vidonge vyeupe vya kupunguza utengenezaji wa maji hayo, akaambiwa apunguze uzito kidogo, arudi baada ya wiki mbili, na akizidiwa asisubiri tarehe. Vile vidonge vilimtia ganzi kwenye ncha za vidole, na soda ikapoteza ladha yake mdomoni, ikawa kama maji yaliyooshea glasi. Alivumilia. Mumewe naye, kwa kuwa macho sasa yalihitaji msaada zaidi, akapandisha vile vya njano vikawa vinne.

*

Wiki mbili zilipotimia, uvimbe wa mishipa ya macho ulikuwa umeongezeka.

Daktari alikaa, akavua miwani yake, akaifuta. Alisema dawa ilitakiwa iwe imeanza kusaidia. Alisema kama hali ni hii, watafikiria upasuaji, wa kuweka mrija wa kuyatoa maji au kuupunguzia mshipa shinikizo. Hakutaka kuwadanganya, akasema: bila hivyo jicho la kulia linaweza kwenda lote, na la kushoto likafuata.

Mama Saa aliuliza swali moja. "Nitaona mpaka lini?"

"Sitaki tufike huko. Mama, hebu nisaidie. Niambie unachokula kutwa nzima, kuanzia unapoamka. Usiruke hata kitu."

"Naamka. Nanawa uso. Nakunywa chai kikombe kimoja, mkate vipande viwili. Na vidonge vya macho anavyonipa mume wangu. Halafu nakwenda kazini, saa nne—"

"Subiri, mama. Vidonge gani?"

Fundi Vitanda hakungoja kuulizwa. Alitoka hospitalini mbio, mtu wa miaka hamsini na saba, shati limechomoka, akapita sokoni akagonga watu wawili na kuomba radhi kwa mmoja, akafika nyumbani, akachukua kopo, akarudi. Aliliweka mezani huku akihema. Moyoni bado alikuwa na tumaini la kipuuzi kwamba daktari ataona jinsi vilivyo vizuri, ataongeza viwe vitano.

Daktari alisoma maandishi madogo ya kopo. "Vingapi kwa siku?"

"Vinne. Vilianza kimoja."

"Kwa muda gani?"

Akahesabu. "Unakaribia mwaka."

"Baba, hii ni vitamini A. Mwili unaihitaji, lakini kidogo, na kidonge kimoja tu cha hivi kina nyingi kupita kiasi. Haitoki kwa haraka, inajikusanya. Ikizidi sana, moja ya mambo ambayo inaweza kuyaleta ni hili hili. Maji ya kichwa kuwa na msukumo, na macho kuumia." Akafunga kopo. "Tuliuliza dawa. Nilipaswa kuuliza na vitamini, mafuta, na mizizi pia. Leo hii aache. Nadhani tumepata chanzo."

"Nani alikuwa anampa?" muuguzi akauliza akiandika.

"Mimi," Fundi Vitanda akasema.

Akatoka nje. Alikaa kwenye benchi la korido, mikono katikati ya magoti, akatazama sakafu. Mikono hii, alifikiri. Hakuna aliyemwekea mke wangu sumu ila mikono hii, tena kwenye kisahani kisafi. Akalia, akajifanya anapangusa jasho.

Mlango ukafunguka. Mama Saa alitoka, akasimama, akageuza kichwa chote kulia ndipo akamwona. Angeweza kukaa pale pale karibu. Alizunguka benchi, akakaa upande wa pili, ili mumewe awe kushoto kwake, kwenye jicho linaloona. Wakakaa hivyo mpaka shemeji alipokuja kuwachukua, na siku hiyo hata ulimi wa shemeji ulikuwa na breki.

*

Upasuaji uliahirishwa wiki kwa wiki, mwisho haukutajwa tena. Uvimbe ulianza kunywea. Sikio lilipunguza kuvuma, likawa linavuma asubuhi tu, kisha kwa siku mojamoja. Mama Saa alirudi kibandani. Lenzi aliihamishia jicho la kushoto, na kwa mwezi mzima alikuwa anaangusha koleo kama mwanafunzi, akijitukana kwa sauti ndogo.

Kilichokuwa hakiponi ni mume. Fundi Vitanda aligeuka mgeni ndani ya nyumba yake. Hakummiminia tena chai. Akiombwa maji, aliuliza, "Ya kawaida? Una hakika?" Alisoma maandishi ya sabuni. Alipika siku moja mkewe alipochelewa, kisha akakimwaga chakula chote kabla hajafika, maana hakukumbuka ametia chumvi kiasi gani. Mtu aliyekuwa na upendo wa kupakaza mara tatu sasa aliogopa hata mkono wa kwanza.

Siku ya kipimo cha mwisho walikwenda wawili tu. Daktari alitazama kwa muda mrefu tena, lakini safari hii aliinuka anatabasamu. Uvimbe umekwisha. Jicho la kushoto ni safi. La kulia limerudi, isipokuwa ile pembe.

"Pembe itarudi lini?" Fundi Vitanda akauliza.

"Haitarudi, baba."

"Kabisa?"

"Kabisa. Pole sana. Lakini mngechelewa mwezi mmoja, tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Walirudi kwa miguu. Karakana ilikuwa njiani, na Mama Saa akasema anataka kupumzika kidogo, jua limemchosha. Katikati ya karakana palikuwa na kitanda kipya kipana, tambarare, kimewekewa godoro ili mteja akija jioni akione kilivyo. Alivua viatu. Akapanda. Akausukuma mto ukaanguka chini, akajinyoosha chali, mikono tumboni, uso ukitazama mabati.

Fundi Vitanda alisimama na funguo mkononi, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Ilikuwa inakaribia mwaka hajamwona mkewe amelala hivyo.

"Kichwa?" akauliza.

"Kimetulia."

"Sikio?"

"Nasikia nyundo ya jirani tu." Akapapasa godoro kando yake. "Njoo hapa. Usisimame huko kama umekuja kudai."

Akasogea, akaketi ukingoni.

"Unanitesa," Mama Saa akasema. "Macho yangu yalikuwa yanakwenda, nikaogopa giza. Sasa yamerudi, na wewe ndiye umekwenda. Hunishiki, huniletei kitu, unanitazama kama chungu kilichopasuka. Nimeokoa macho ili nione nini?"

"Nilikutia sumu, mama watoto. Kila siku. Nilikuwa naongeza."

"Uliongeza. Na mimi nilikuona ukiongeza, nikameza. Sikusoma kopo, mimi ninayesoma namba za saa ambazo wewe huzioni. Pembe ilipoanza kupotea nilikaa kimya wiki mbili, nikadanganya wateja, nikakudanganya wewe. Daktari amesema mwezi mmoja ungetumaliza. Na zile wiki mbili je? Hizo ni zangu." Akamshika kidole gumba, kile chenye kovu la patasi. "Kosa hili ni kubwa, huliwezi peke yako. Nigawie nusu yangu."

Fundi Vitanda akautazama mkono uliomshika. Akaitikia kwa kichwa. Mkewe hakukiachia kidole. Aliendelea kukishika, pumzi zikawa ndefu, na mkono ukalegea taratibu mpaka ukawa umelala wenyewe juu ya wake. Mama Saa alikuwa amesinzia, chali, mchana kweupe, mdomo wazi kidogo.

Hazikupita dakika kumi, mteja akatokea mlangoni, mtu mnene mwenye sauti ya mnada. "Fundi! Nimewahi. Kitanda changu kiko tayari?"

"Shsh," Fundi Vitanda akafanya. "Kimechukuliwa."

"Kimechukuliwa na nani? Tulikubaliana leo!"

"Nitakutengenezea kingine, kizuri kuliko hiki. Njoo Ijumaa."

Mteja akachungulia, akamwona mwanamke aliyelala bila mto na mwanamume mzima aliyekaa kando yake, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Kisha akavua kofia, akarudi kinyumenyume, akaurudishia mlango polepole usije ukalia.